exp2, pow au ldexp? Kukokotoa vipeo vya mbili kwa C, kwenye laptopu na kwenye bodi ndogo

nyuzi_nane (Nairobi)

Habari wakuu. Ninaandika programu ya C ya kisanduku cha kurekebishia nyuzi za nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane. Unabonyeza kitufe, spika inatoa sauti ya uzi unaoutaka, mpigaji anakaza au kulegeza hadi sauti mbili zilingane. Kwa kuwa kila mpigaji hurekebisha nyuzi zake kufuata sauti yake mwenyewe anapoimba, siwezi kutumia noti za piano tu. Nimeamua kuhifadhi kila uzi kama idadi ya senti juu ya uzi wa chini kabisa, ambapo senti 1200 ni oktavu moja. Masafa ya uzi basi ni msingi × (2 kwa kipeo cha senti/1200).

```c
float masafa(int senti)
{
    return 220.0f * pow(2, senti / 1200);
}
```

Thamani za majaribio kwa nyuzi nane ni 0, 200, 500, 700, 900, 1200, 1400, 1700. Matokeo: nyuzi tano za kwanza zote 220.00, tatu za mwisho zote 440.00.

Maswali yangu matatu. Kwanza, kwa nini matokeo ni hayo? Pili, nikiweka `exp2` mahali pa `pow`, laptopu (Ubuntu, gcc) inakataa na kusema `undefined reference to 'exp2'`, ingawa `<math.h>` ipo juu ya faili. Tatu, nimeona watu wakitumia `pow(2, x)`, `exp(x * M_LN2)`, `exp2(x)` na `ldexp(1, n)` kwa kazi inayoonekana ni ileile. Ipi ndiyo sahihi? Mwishowe programu itahamia kwenye bodi ya STM32F411 kutoka maduka ya Luthuli Avenue, kwa hiyo kasi pia ina maana.

---

mkokotozi

La kwanza: `senti / 1200` ni mgawanyo wa nambari nzima kwa nambari nzima. C inatupa sehemu ya desimali kabla `pow` haijaona chochote. 900/1200 ni 0, na mbili kwa kipeo cha 0 ni 1, ndiyo sababu unapata 220. 1700/1200 ni 1, unapata 440. `pow` haina kosa, imejibu ulichomuuliza. Andika

```c
senti / 1200.0f
```

na utapata 220.00, 246.94, 293.66, 329.63, 369.99, 440.00, 493.88, 587.33.

Angalia pia senti hasi, kama utaruhusu uzi ulio chini ya msingi. Mgawanyo wa nambari nzima katika C hukata kuelekea sifuri, si kuelekea chini, kwa hiyo kwa fomula ya zamani kila kitu kati ya −1199 na 1199 kingekuwa 220. Kosa la aina hii hujificha vizuri kwa mtu anayejaribu oktavu kamili peke yake, maana 0, 1200 na 2400 zote hutoa jibu sahihi.

La pili: `<math.h>` inamwambia kompaila tu kwamba funksheni ipo na inapokea nini. Msimbo wenyewe uko kwenye maktaba nyingine, libm, na kwenye Linux lazima uiombe:

```
gcc -O2 -Wall nyatiti.c -o nyatiti -lm
```

`-lm` ije baada ya faili zako. Linka, programu inayounganisha msimbo wako na maktaba, husoma mstari kutoka kushoto kwenda kulia na kuchukua kwenye maktaba yale tu ambayo tayari yanahitajika. Ukiitanguliza, huenda ikafika kwenye maktaba kabla ya kujua kwamba `exp2` inatakiwa.

Linalowachanganya wengi ni kwamba programu ya majaribio yenye `exp2(0.5)` au `pow(2, 3)` mara nyingi hulinkika bila `-lm`. Hapo hoja ni thamani inayojulikana tayari, kompaila inakokotoa jibu yenyewe na kuliandika ndani ya programu. Funksheni haiitwi kabisa. Ukibadilisha hoja iwe kigeu, kosa linajitokeza.

Na usitumie `-ansi` wala `-std=c89`. `exp2` iliingia kwenye C99; kwenye hali ya zamani heda haiitangazi, na kompaila inaweza kudhani inarudisha `int`. Utapata takataka zinazofanana na nambari. Washa `-Wall` wakati wote.

---

kipeo

Nijibu la tatu, maana ndilo lenye nyama.

Ukiwa na x yoyote, unaweza kuigawa kuwa nambari nzima n na salio r, ambapo r iko kati ya −0.5 na 0.5. Mbili kwa kipeo cha x basi ni (2 kwa kipeo cha n) × (2 kwa kipeo cha r). Sehemu ya n haina hesabu: `float` na `double` huhifadhi nambari kama mantisa (tarakimu zake za maana) na kipeo cha mbili, kwa hiyo kuzidisha kwa kipeo kizima cha mbili ni kuongeza n kwenye biti za kipeo, bila kupoteza hata biti moja ya mantisa. Kazi yote ya kweli iko kwenye r. Ukishalielewa hilo, funksheni nne ulizotaja zinajipanga zenyewe.

`ldexp(1.0, n)` inafanya sehemu ya n peke yake. Kipeo chako kikiwa nambari nzima, tumia hiyo. Jibu ni kamili, si kadirio, mradi usitoke nje ya upeo. Kuna `scalbn` pia, na kwenye mashine zetu za kawaida zinafanya kazi moja.

`exp2(x)` inafanya n na r. Kwenye glibc, maktaba ya C ya kawaida ya Linux, tangu toleo la 2.28 la mwaka 2018, mgawanyo ni mwembamba zaidi ya nilivyosema: x inakatwa hadi sehemu ya 1/128 iliyo karibu, kuna jedwali lenye thamani 128, na salio lisilozidi 1/256 linamalizwa na polinomi fupi ya daraja la tano. Ndiyo maana ni ya haraka na kosa lake ni chini ya biti moja ya mwisho.

`pow(2, x)` inatoa jibu zuri vilevile, lakini haijui kwamba msingi ni 2. Lazima kwanza itafute logi ya msingi kwa usahihi wa ziada, izidishe, kisha ndipo ifanye kazi ya `exp2`. Unalipia hatua usiyoihitaji. Clang huigeuza `pow(2.0, x)` kuwa `exp2(x)` yenyewe ukiwasha uboreshaji, lakini sioni sababu ya kutegemea hilo wakati unaweza kuandika unachomaanisha.

`exp(x * M_LN2)` ndiyo ningekuomba uiache, na sababu ni ya kihesabu. Logi asilia ya 2 haikai kikamilifu kwenye `double`. Thamani iliyohifadhiwa iko chini ya ile ya kweli kwa takriban 2.3e-17. Chukua x = 1000. Kosa hilo linakuwa 2.3e-14. Kisha zao lenyewe, karibu 693, linakadiriwa hadi hatua ya 1.1e-13, yaani kosa la hadi nusu ya hapo. Kosa la moja kwa moja kwenye hoja ya `exp` huwa kosa la uwiano kwenye jibu, kwa hiyo unaweza kukosa hadi takriban 8e-14, wakati `double` ina uwezo wa 2.2e-16. Umepoteza zaidi ya tarakimu mbili kati ya kumi na sita bila onyo lolote. Kwa x yako ndogo ya 0 hadi 2 hasara haisikiki, lakini msimbo huhama kutoka kazi moja hadi nyingine na mazoea huhama nao. Isitoshe, `M_LN2` haimo kwenye kiwango cha C. Ukikompaili na `-std=c99` badala ya `-std=gnu99` kwenye Linux, inatoweka.

Mambo mengine yanayouma kwenye vipeo vya mbili:

`2^10` katika C ni 8. Alama hiyo ni XOR ya biti, si kipeo, na kompaila inaikubali kwa kuwa ni C halali.

`(int)pow(2, n)` inakata desimali. Kiwango cha C hakiweki sharti la usahihi kwa funksheni hizi. Maktaba nzuri itakupa 1024.0 kamili, maktaba dhaifu ina ruhusa ya kukupa 1023.9999999999999, na baada ya kukatwa ni 1023. Kwa nambari nzima tumia `UINT64_C(1) << n`, n ikiwa chini ya 64.

Upeo: `exp2(1024.0)` inafurika na kurudisha `HUGE_VAL`, ambayo kwenye mashine zetu ni infiniti. Upande wa chini, kuanzia −1022 kushuka jibu linaanza kupoteza biti, −1074 ndiyo thamani ndogo ya mwisho isiyo sifuri. Kwa `float` mipaka ni 128 na −149. Kagua jibu kwa `isfinite()`; usitegemee `errno` peke yake, kwa sababu si kila maktaba huiweka, na `-ffast-math` inazima hata hayo.

---

nyuzi_nane

Shukrani sana, nyote wawili. Matokeo sasa yanalingana na aliyoyaandika mkokotozi. Nikihamia kwenye bodi: je, `exp2` ileile inatosha? Na kuna hatua ya pili ya vipeo vya mbili. Kizalishaji cha sauti kina kihesabu cha biti 32 kinachojizungusha, na kila sampuli (48000 kwa sekunde) ninaongeza hatua = masafa × 2³² / 48000. Niliandika `masafa * (1 << 32) / 48000` na laptopu na bodi zinatoa majibu tofauti.

---

bodi_na_waya

Nianze na `1 << 32`. `1` ni `int` ya biti 32, na kuisogeza biti 32 au zaidi ni tabia isiyofafanuliwa katika C. Kompaila ina ruhusa ya kutoa chochote. Thamani ikikokotolewa wakati programu inakimbia, x86 huangalia biti tano tu za idadi ya kusogeza, kwa hiyo 32 inasomeka kama 0 na unapata 1. ARM ya biti 32 kwenye hali hiyohiyo inatoa 0. Gcc huonya ikiiona idadi hiyo wazi kwenye msimbo, soma maonyo. Hata `1 << 31` ina shida, kwa kuwa inagusa biti ya alama.

Unachohitaji kiko kwenye jibu la kipeo:

```c
uint32_t hatua = (uint32_t)ldexpf(masafa / 48000.0f, 32);
```

Kwa 440 Hz jibu linapaswa kuwa karibu 39370533. `float` ina biti 24 za mantisa, na nambari ya ukubwa huo inasonga kwa hatua za 4, kwa hiyo usishangae ukiona 39370532. Tofauti hiyo ni chini ya sehemu moja ya elfu ya senti. Masafa yasifike 48000, la sivyo jibu halitoshi kwenye `uint32_t` na ubadilishaji nao unakuwa haujafafanuliwa.

Sasa bodi. STM32F411 ni Cortex-M4 ya MHz 100 yenye kitengo cha desimali cha `float` pekee. `double` inafanywa kwa programu, kuzidisha kumoja kunakuwa mwito wa funksheni nzima. Kwa hiyo:

```
-mcpu=cortex-m4 -mthumb -mfpu=fpv4-sp-d16 -mfloat-abi=hard
-O2 -Wall -Wdouble-promotion
```

na kwenye msimbo `exp2f`, si `exp2`; `1200.0f`, si `1200.0`. Herufi f moja ikisahaulika, usemi mzima unapanda kuwa `double`, unakokotolewa polepole, kisha unashuka tena kuwa `float`. Jibu ni sahihi, ndiyo maana hakuna anayegundua. `-Wdouble-promotion` inakuonyesha mstari.

Kisha hakikisha. Mwambie linka aandike ramani kwa `-Wl,-Map=nyatiti.map` na utafute `__aeabi_dmul` na `__aeabi_dadd`. Hizo ni kuzidisha na kujumlisha `double` kwa programu. Zikiwepo wakati msimbo wako wote ni `float`, kuna mwito umevuta `double`, na unaweza kuwa `exp2f` yenyewe: kuna matoleo yake yaliyoandikwa kwa ajili ya mashine kubwa ambayo ndani hukokotoa kwa `double` ili kupata usahihi kwa urahisi. Kwenye laptopu ni uamuzi mzuri. Kwenye M4 ni mzigo.

Ukikuta hivyo, kuandika yako si kazi kubwa:

```c
static float kipeo2f(float x)
{
    float n = rintf(x);
    float r = x - n;              /* kati ya -0.5 na 0.5 */
    float p = 0.00133336f;
    p = p * r + 0.00961813f;
    p = p * r + 0.05550411f;
    p = p * r + 0.24022651f;
    p = p * r + 0.69314718f;
    p = p * r + 1.0f;
    return ldexpf(p, (int)n);
}
```

Vizidishi ni vya mfululizo wa Taylor: logi ya 2 kwa kipeo cha k, gawanya kwa faktoria ya k. Kutoa `x - n` hakuleti kosa lolote la kukadiria. Kosa kubwa zaidi liko r ikiwa −0.5, kama 3.2e-6 kwa uwiano. Senti moja ni uwiano wa 1.000578, kwa hiyo kosa ni takriban 0.006 ya senti. Hakuna sikio litakalolisikia. Ukitaka kubana zaidi, anza na 0.00015404f kama daraja la sita, na mabaki yanashuka hadi kiasi cha usahihi wa `float` wenyewe.

Funksheni hii haikagui NaN (thamani isiyo nambari) wala infiniti. `(int)n` kwa thamani hizo haijafafanuliwa. Kwako senti zinatoka kwenye jedwali lako mwenyewe, kwa hiyo sawa. Zikianza kutoka nje, weka ukaguzi.

---

kipeo

Msimbo ni safi, lakini ndugu nyuzi_nane, usiuweke kabla ya kujiuliza hesabu hii inafanywa mara ngapi. Nyuzi ni nane. Ukikokotoa hatua zote nane mpigaji anapochagua mpangilio wake, na kuziweka kwenye safu ya `uint32_t hatua[8]`, basi hata `pow` ya `double` iliyo polepole inaisha kabla kidole hakijaondoka kwenye kitufe. Ndani ya kitanzi cha sampuli 48000 kwa sekunde kunabaki kujumlisha kumoja tu. Kwa MHz 100 una mizunguko kama 2083 kwa kila sampuli. Usiitumie kukokotoa upya jibu lisilobadilika.

`kipeo2f` inapata maana siku utakapotaka sauti ipande na kushuka polepole wakati inalia. Hapo kipeo kinabadilika kila wakati, na hata hapo unaweza kukisasisha kila sampuli 32 badala ya kila moja.

---

bodi_na_waya

Nakubali kuhusu safu ya nane. Ila ramani aiangalie hata hivyo, kwa sababu ya ukubwa: `pow` ya `double` pamoja na hesabu zake za programu inakula kilobaiti kadhaa za flashi. F411 ina KB 512, haitajaa, lakini akihamia chipu ndogo ataiona.

Na kama utaongeza hali ya noti za kawaida za kinanda, huko `exp2f` haihitajiki kabisa. Vipeo ni k/12, na k ni kumi na mbili tu:

```c
static const float t[12] = {
    1.0f,       1.0594631f, 1.1224620f, 1.1892071f,
    1.2599210f, 1.3348399f, 1.4142136f, 1.4983071f,
    1.5874011f, 1.6817928f, 1.7817974f, 1.8877486f
};
float f = ldexpf(8.1757989f * t[noti % 12], noti / 12);
```

`noti` ni namba ya noti kwenye MIDI, mfumo wa kawaida wa ala za kielektroniki, 0 hadi 127, na 8.1757989 Hz ni masafa ya noti 0. Noti 69 inatoa 440, noti 60 inatoa 261.63. Nimeanzia noti 0 badala ya 69 kwa makusudi: `noti - 69` inakuwa hasi kwa noti za chini, na katika C `%` ya nambari hasi inarudisha hasi, ukasoma nje ya jedwali. Hapa mgawanyo wa nambari nzima ndio tunaoutaka.

---

nyuzi_nane

Nitaweka safu ya nane, na `exp2f` ya maktaba kwa sasa. La mwisho: nikitaka kisanduku kisikilize uzi na kuonyesha umepotea senti ngapi, nigeuze tu fomula?

---

mkokotozi

Ndiyo: `1200.0f * log2f(f / f0)`, `f` ikiwa masafa uliyopima na `f0` yale yanayotakiwa. Kwa onyesho la senti nzima `float` inatosha kabisa. Usahihi wa jibu lako utaamuliwa na jinsi unavyopima `f`, si na `log2f`: kwenye 440 Hz senti moja ni 0.254 Hz tu, wakati hatua ya `float` hapo ni 0.00003 Hz.

Ukielekea upande mwingine, yaani unataka mabadiliko ya masafa kwa senti chache sana, usiandike `exp2f(c / 1200.0f) - 1.0f`. `exp2f` inarudisha nambari iliyo karibu na 1, tarakimu za maana zinakaa mwishoni kabisa, na kutoa 1 kunaacha chache mno. Tumia `expm1f(c / 1200.0f * 0.69314718f)`, inayokokotoa tofauti moja kwa moja. Kuzidisha kwa logi ya 2, ambako kipeo alikupinga kwa haki, hapa hakuna madhara kwa sababu hoja ni ndogo na kosa lake linabaki dogo kwa uwiano uleule. C23 imeleta `exp2m1` kwa kazi hiyohiyo, lakini kagua kama maktaba ya bodi yako inayo kabla ya kuitegemea.